Oganeli: neno, sehemu za seli na makosa ya kuepukwa

oganeli nm [i-/zi-] sehemu ndogo iliyomo ndani ya seli ya kiumbe hai, yenye umbo linalotambulika na kazi yake mahususi: Mitokondria ni oganeli inayoipatia seli nishati. Oganeli hizi zimezungukwa na utando.

Tazama pia: kiini, kloroplasti, mitokondria, ribosomu, seli, utando.

Anayetafuta neno hili katika kamusi kwa kawaida anataka mojawapo ya mambo mawili: kujua kitu chenyewe ni nini, au kujua namna ya kukiandika katika sentensi ya Kiswahili bila kujikwaa. Mambo hayo hayatengani kama yanavyodhaniwa. Katika miaka yangu ya kusahihisha kazi za wanafunzi wa tafsiri nimeona kwamba sentensi nyingi za sayansi zinazosomeka vibaya hazikuharibiwa na sarufi. Ziliharibiwa na mtu asiyejua kile anachokitaja kinafanya kazi gani. Kwa sababu hiyo makala hii inaeleza kitu na neno kwa pamoja.

Kitu chenyewe

Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayoweza kuitwa hai. Ndani ya seli ya mnyama, mmea au kuvu, kazi zimegawanywa. Kiini hutunza maagizo ya urithi. Ribosomu huunganisha asidi amino kuwa protini. Golgi huzipanga protini hizo, huzifungasha na kuzielekeza zinakotakiwa. Mitokondria hutoa nishati iliyomo katika chakula na kuiweka katika hali ambayo seli inaweza kuitumia. Lisosomu humeng'enya taka na sehemu zilizochakaa.

Umuhimu wa oganeli umo katika mgawanyo huo wenyewe. Vimeng'enya vya lisosomu, kwa mfano, hufanya kazi vizuri katika mazingira yenye asidi, ilhali sehemu kubwa ya seli inahitaji mazingira yasiyo na asidi kali. Kama kila kitu kingechanganywa pamoja, kazi moja ingeizuia nyingine. Utando unaoizunguka lisosomu ndio unaoruhusu hali mbili zinazopingana kukaa ndani ya seli moja. Mwalimu anayeeleza oganeli kwa kutaja majina na kazi tu, bila kutaja utando, amewaachia wanafunzi orodha ya kukariri.

Bakteria hawana kiini wala mitokondria, ingawa wana ribosomu. Hapa pana ubishi mdogo wa kitaalamu: je, ribosomu, ambayo haina utando, ni oganeli? Vitabu vingine huihesabu na vingine hukataa. Mfasiri hana kazi ya kuamua ubishi huo. Kazi yake ni kuangalia kama matini anayoifasiri imesema “oganeli” au imesema “oganeli zenye utando”, na kutoyaacha maneno hayo mawili ya mwisho yaanguke njiani.

Asili ya neno na swali la “kijiungo”

Neno “oganeli” limetufikia kupitia Kiingereza, lakini mzizi wake ni wa Kilatini na ndani yake mna udogoshaji. Mwaka 1884 mwanazoolojia Mjerumani Karl Möbius alitumia umbo dogoshi la Kilatini, organula, alipokuwa akizungumzia viumbe vya seli moja. Wazo lake linaeleweka kwa urahisi: mnyama mkubwa ana moyo, ini na figo, na kiumbe wa seli moja ana sehemu ndogo zinazomfanyia kazi za namna hiyo.

Kiswahili kina udogoshaji ulio hai kuliko ule wa Kiingereza. Mlima huwa kilima, mtoto huwa kitoto, na neno ambalo tayari lina ki- huchukua kiji-, kama kitabu kinavyokuwa kijitabu. Kwa kufuata njia hiyo, kiungo kingekuwa kijiungo, na maana yake ingelingana na organula silabi kwa silabi. Nimewahi kulitetea neno hilo darasani kwa mwaka mzima, kisha nikaliacha.

Nililiacha kwa sababu “kiungo” kimebeba mizigo mingi. Ni sehemu ya mwili, ni maungio ya mifupa, ni iliki na mdalasini katika pilau, ni mchezaji wa katikati uwanjani, na siku hizi ni anwani ya kubofya kwenye tovuti. Sentensi kama “kijiungo hiki kina tatizo” humfanya msomaji wa kawaida afikirie kidole cha mtoto. Ushauri wangu, basi, ni kutumia “oganeli” kama istilahi, na katika maandishi ya umma kulieleza mara moja linapotokea kwanza: “oganeli, yaani vijiungo vilivyomo ndani ya seli”. Baada ya hapo neno hujisimamia.

Tusichanganye “oganeli” na “ogani”. Ogani ni moyo, ini, jani, mzizi, vitu vilivyoundwa kwa tishu, na tishu zimeundwa kwa seli. Oganeli iko ndani ya seli. Tofauti ya maandishi ni silabi moja tu, lakini tofauti ya ukubwa ni ya maelfu kwa maelfu.

Seli na chembe

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha Micrographia, kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini. Katika kipande chembamba cha gome la mti linalotumiwa kutengeneza vizibo aliona vijumba vitupu vilivyopangana, akaviita kwa jina lenye asili ya Kilatini ya chumba kidogo. Aliona kuta tu. Waliokuwa wakiishi ndani walikuwa wamekufa zamani. Chumba kidogo hichohicho ndicho kilichotupa seli ya mahabusu. Kwa hiyo mtu anayecheka kwamba “seli” ni neno la polisi hajakosea sana: maneno hayo mawili yana babu mmoja.

Kabla ya “seli” kuenea, na hata sasa, watu wengi husema “chembe”, “chembehai” au “chembechembe”: chembe nyekundu za damu, chembechembe nyeupe. Neno ni zuri, lina harufu ya Kiswahili, na mgonjwa hulielewa haraka kuliko “seli”. Udhaifu wake ni kwamba limeajiriwa kila mahali. Kuna chembe ya mchanga, chembe za fizikia zilizo ndogo kuliko atomi, chembe za urithi ambazo ni jeni, na chembe cha moyo ambacho kiko kifuani. Katika matini inayotaja seli, jeni na chembe za vumbi kwa pamoja, mwandishi aliyechagua “chembe” kwa vyote atakuwa amemfumba macho msomaji wake. Wanaotumia “selimundu” kwa ule ugonjwa wa damu wameonyesha kwamba “seli” inaweza kuunganishwa na neno la shambani na ikakaa vizuri. Mundu ni mundu, na anayeuona umbo lake kwenye picha ya damu hahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu upatanisho: ingawa seli ni hai, si kiumbe anayejitegemea kwa maana ya ngeli ya a-/wa-. Tunasema “seli inagawanyika” wala si “seli anagawanyika”. Bakteria, ambao kila mmoja ni seli moja, huchukua a-/wa- katika maandishi mengi: “bakteria hawa wameongezeka”. Hapa Kiswahili kimetenganisha seli iliyo sehemu ya mwili na seli iliyo kiumbe kamili kwa njia ya kiambishi tu.

Kiini

Kati ya maneno yote ya makala hii, hili ndilo linaloonekana rahisi na ndilo linalodanganya zaidi. Mtaalamu wa mimea Robert Brown alilipa doa lililo katikati ya seli jina la Kilatini lenye maana ya kokwa ndogo, katika miaka ya mwanzo ya 1830, alipokuwa akichunguza okidi. Kiswahili kililichukulia wazo hilo neno lililokuwepo: kiini. Tunacho kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha habari, kiini cha atomi, na kiinimacho, ambacho hakihusiki hapa ila kwa jina.

Kiini cha seli ya binadamu kwa kawaida kina kromosomu 46, na DNA yake, kama ingenyooshwa na kuunganishwa, ingefikia takriban mita mbili. Haya yote yamo ndani ya kitu ambacho jicho tupu haliwezi kukiona. Kina utando wa tabaka mbili wenye matundu, na kupitia matundu hayo nakala za maagizo hutoka kwenda kwa ribosomu.

Tatizo la kwanza ni la yai. Mwanafunzi akiambiwa kwamba yai ni seli na seli ina kiini, hudhani kwamba ile sehemu ya manjano ya yai la kuku ndiyo kiini cha seli. Sivyo. Ile manjano ni akiba ya chakula, na kiini cha seli ni kitu kidogo mno kilicho juu yake. Kiswahili kimeviita vyote viwili “kiini”, hivyo mwalimu asisubiri swali. Atamke mapema: “kiini cha seli si kiini cha yai unachokijua jikoni.”

Tatizo la pili ni la maana ya kimafumbo. “Seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini” ni sentensi sahihi ya biolojia. Seli hizo za binadamu hupoteza kiini na mitokondria zinapokomaa, zikajazwa hemoglobini, zikaishi kwa siku 120 hivi. Lakini msomaji asiyezoea biolojia husoma “hazina kiini” kama vile angesoma “hoja hii haina kiini”, yaani haina maana. Katika maandishi kwa wagonjwa andika “hazina kiini cha seli”, hata kama neno “seli” litajirudia. Kurudia huko si dosari ya mtindo.

Na tukumbuke kwamba kivumishi kimechukua njia nyingine. Husemi “silaha za kiini” bali “silaha za nyuklia”, na “nishati ya nyuklia”. Katika biolojia, hata hivyo, “utando wa kiini” na “DNA ya kiini” ndivyo vinavyofaa. Mfasiri anayeandika “DNA ya nyuklia” humfanya msomaji anuse baruti.

Utando na ukuta

Utando [u-/zi-], wingi “tando”, ni ngozi nyembamba inayozunguka seli nzima na oganeli nyingi. Ukuta ni kitu kingine: ni tabaka gumu lililo nje ya utando, na wanalo mimea, kuvu na bakteria wengi. Wanyama hawana. Kuandika “ukuta wa seli” katika maelezo ya seli ya ini la binadamu ni kosa la kweli wala si suala la ladha, na nimeliona mara nyingi kuliko kosa lingine lolote katika orodha hii. Dawa jamii ya penisilini huwaua bakteria kwa kuzuia ujenzi wa ukuta wao, na moja ya sababu za sisi kuweza kuimeza ni kwamba hatuna ukuta huo. Aliyeupa mwili wa binadamu ukuta wa seli ameifanya sababu hiyo isieleweke.

Mitokondria

Jina hili lilitolewa mwaka 1898 na Mjerumani Carl Benda kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje, kwa vile ndivyo zilivyoonekana chini ya hadubini: nyuzi na punje. Katika Kiswahili “mitokondria” ni ngeli ya i-/zi- na haibadiliki: mitokondria moja, mitokondria nyingi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia “mtokondria mmoja, mitokondria mingi”. Nilichora mstari mwekundu, kisha nikakaa nao kwa muda. Hakukosa mantiki. Alisikia mi- akadhani ni kiambishi cha wingi, kama miti na mito. Wazungumzaji wa Kiswahili wamefanya hivyo mara nyingi na wakashinda. “Virusi” lilikuja likiwa zima, watu wakasikia vi-, wakazaa “kirusi”, na leo neno hilo limo katika maandishi rasmi. Alama ya barabarani ya kumwambia dereva akae kushoto ilitupa “kipilefti”, na wingi wake ni “vipilefti”. Hata “kitabu”, ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lilipata “vitabu” kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini basi nisimkubalie? Kwa sababu “kirusi” lilikubaliwa na vinywa vingi kwanza na wanakamusi wakafuata, ilhali “mtokondria” bado ni la mtu mmoja mmoja. Siku litakapoenea, kamusi italiandika. Kwa sasa katika mtihani na katika tafsiri andika “mitokondria moja”. Vilevile usikubali kishawishi cha “kloroplasti” kuwa “viloroplasti”, ingawa sikatai kwamba kinachekesha.

Kuhusu kazi yake, maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mitokondria ni kinu cha kuzalisha nishati. Mfano huo unafaa kwa mtoto wa darasa la sita. Kwa msomaji wa juu kitenzi ndicho kinachohitaji uangalifu, kwani nishati haiumbwi. Mitokondria hutoa nishati iliyokuwa tayari imo katika sukari na mafuta, kwa kutumia oksijeni, na kuiweka katika molekuli iitwayo ATP. Vitenzi “hutoa”, “hubadili” na “huhifadhi” ni salama kuliko “huumba” au “hutengeneza”. Seli ya ini, yenye kazi nyingi, inaweza kuwa na mitokondria elfu moja hadi mbili.

Jina la tendo hilo nalo lina mtego. Tunaliita “upumuaji wa seli”, na mwanafunzi huwaza pua na mapafu. Kuvuta hewa na kutoa hewa ni kazi ya mapafu. Upumuaji wa seli ni kuvunjwa kwa chakula ndani ya seli ili nishati ipatikane. Mambo hayo mawili yanahusiana, kwa sababu oksijeni iliyovutwa na mapafu ndiyo inayotumiwa huko, lakini mti usio na mapafu nao una upumuaji wa seli, usiku na mchana. Usiache maneno “wa seli” hata mara moja katika sura ambamo mapafu yametajwa.

Urithi wa mitokondria na majina ya ndugu

Mitokondria ina DNA yake, tofauti na ile ya kiini. Kwa binadamu DNA hiyo ina jeni 37. Maelezo yanayokubaliwa leo, ambayo Lynn Margulis aliyatetea katika makala yake ya mwaka 1967, ni kwamba mitokondria imetokana na bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine zamani sana na hakutoka tena. Kwa kawaida mtoto hupata mitokondria zake kutoka katika yai la mama. Zile chache zinazoingia na mbegu ya baba huharibiwa.

Hapa ndipo lugha inapogusa watu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi kwa kazi ya kufasiri, aliniletea rasimu ya kijitabu cha wagonjwa. Kijitabu kilihusu mabadiliko fulani katika DNA ya mitokondria yanayowafanya baadhi ya watu wawe katika hatari ya kupoteza usikivu wanapopewa dawa kama streptomisini au jentamisini. Muuguzi alitakiwa kumwuliza mgonjwa kama kuna ndugu aliyewahi kuwa kiziwi baada ya kudungwa sindano za namna hiyo. Rasimu ilisema: “Tatizo hili husababishwa na mama. Je, kuna ndugu yeyote wa upande wa mama aliyepoteza usikivu?”

Sentensi ya kwanza tuliifuta mara moja. Mama hakusababisha kitu. Alipokea mitokondria kwa mama yake kama sisi sote, na mara nyingi yeye mwenyewe husikia vizuri kwa kuwa hakuwahi kupewa dawa hiyo. Tunajua katika nyumba zetu lawama huangukia wapi mtoto anapozaliwa na kasoro. Karatasi yenye nembo ya hospitali ikiandika “husababishwa na mama”, imempa mtu silaha. Tuliandika “hurithiwa kupitia kwa mama”. Kitenzi ni cha kutendwa, na kihusishi kinamwonyesha mama kuwa ni njia.

Sentensi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu haina kosa la lugha. “Upande wa mama” ni Kiswahili safi. Lakini upande wa mama wamo watoto wa mjomba, na watoto wa mjomba hawana mitokondria zako. Mjomba anazo, kwa kuwa alizaliwa na bibi yako mzaa mama, lakini njia inaishia kwake. Watoto wake wamepata za mama yao. Kwa upande mwingine, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo wanazo.

Tulipofika hapo, mwanafunzi wangu aliacha kuandika. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuchora mpaka huo. Mtoto wa mjomba ni binamu. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu, ni kaka au dada, kwa sababu mzazi wake nami namwita mama. Mpaka huo, bila shaka, haukuwekwa kwa ajili ya mitokondria, wala haulingani nazo kila mahali: watoto wa baba mdogo nao ni ndugu, na hawazishiriki. Neno “mama mdogo” pia lina hatari yake, kwani huitwa hivyo mke wa baba mdogo na wakati mwingine mke mwingine wa baba. Lakini lugha ina kipimo kimoja kisichokosea katika suala hili, nacho ni “tumbo moja”. Ndugu wa tumbo moja wana mama mmoja, hata kama baba zao ni tofauti, na ndio hasa wanaoshiriki mitokondria. Watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali hawazishiriki.

Swali la mwisho lilikuwa hivi: “Je, mama yako mzazi, bibi mzaa mama, ndugu zako wa tumbo moja, wajomba au mama zako wakubwa na wadogo waliozaliwa tumbo moja na mama yako, au watoto wa hao mama zako, kuna yeyote aliyepoteza usikivu baada ya kudungwa sindano?” Ni refu kuliko la awali. Muuguzi mmoja aliyelijaribu alisema watu hulijibu wakihesabu kwa vidole.

Onyo moja la kitaalamu: si kila ugonjwa wa mitokondria hurithiwa kupitia kwa mama peke yake. Protini nyingi za mitokondria huandikwa na jeni zilizo katika kiini, na hizo hutoka kwa wazazi wote wawili. Mfasiri asome matini yake kama inazungumzia “DNA ya mitokondria” au “ugonjwa wa mitokondria”, kwa maana maneno hayo hayabadilishani nafasi.

Kloroplasti na jamaa yake wa malaria

Kloroplasti [i-/zi-] ni oganeli ya kijani ya mimea na miani, mahali pa usanisinuru. Neno “usanisinuru” ni miongoni mwa istilahi bora tulizonazo: usanisi kwa nuru, kila sehemu inajieleza, na mwanafunzi hulikumbuka. Kloroplasti nayo ina DNA yake na asili ya bakteria.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kimelea cha malaria, ambacho hakina ukijani wowote, kina oganeli iliyotokana na mwani mwekundu. Huitwa apikoplasti. Imepoteza uwezo wa usanisinuru, lakini kimelea hakiwezi kuishi bila kazi nyingine inazozifanya. Doksisaiklini, ambayo wasafiri hupewa kujikinga na malaria, hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa protini katika apikoplasti hiyo. Dawa ya bakteria humdhuru kiumbe asiye bakteria kwa sababu ndani yake kuna kitu chenye asili ya bakteria. Mfasiri anayekutana na sentensi hiyo akidhani mwandishi amekosea, na “akairekebisha”, atakuwa ameharibu maana yote.

Nyingine kwa ufupi

Ribosomu na lisosomu zina kiishio kimoja, -somu, chenye asili ya Kigiriki ya “mwili”, lakini hazifanani kwa kazi. Moja hujenga na nyingine huvunja. Jina la lisosomu lilitolewa na Christian de Duve mwaka 1955. Yeye, Albert Claude na George Palade walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974 kwa kazi yao juu ya muundo wa seli.

Golgi huandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu ni jina la mtu, Camillo Golgi wa Italia, aliyeieleza oganeli hiyo mwaka 1898. Epuka “mwili wa Golgi”, kwani msomaji atafikiri marehemu anazungumziwa. “Kifaa cha Golgi” kinatosha.

Retikulamu ya endoplazimu ina aina mbili. Ile laini haina shida. Ile nyingine wanafunzi huiita “mbaya” au “kali” kwa kufuata kamusi ya mfukoni, na yote mawili si sahihi. Kinachomaanishwa ni kwamba uso wake unakwaruza kwa wingi wa ribosomu zilizoshikamana nao. “Retikulamu yenye ribosomu” ni fasiri iliyo wazi, na humfundisha msomaji kitu ambacho “yenye kukwaruza” pekee haimfundishi.

Tahajia

Utakutana na “sitoplazimu” na “saitoplazimu”, na wakati mwingine “sitoplasma”. Umbo la sai- limefuata matamshi ya Kiingereza, la si- limefuata maandishi ya Kilatini. Katika “haidrojeni” tumefuata matamshi, katika “mitokondria” tumefuata maandishi, wala hakuna anayesema “maitokondria”. Mimi hutumia “sitoplazimu” ili ikae pamoja na “mitokondria”, lakini sitamkata alama anayeandika “saitoplazimu” toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nitamkata yule anayeandika yote mawili katika aya moja, kwa sababu msomaji wake atatafuta tofauti ya maana ambayo haipo.